Chupa za Chini ya Kivuko

Mkuu wa labo, maabara yetu hii ya maji, aliniomba niwaachie nyinyi mnaobaki maneno machache kuhusu kazi. Nadhani alitaka kitu cha kusomwa siku ya kuniaga, chenye shukrani na kicheko kidogo, halafu tunywe soda. Siku hiyo ilipita, soda zikanywewa, na sikusoma kitu. Sehemu moja ilikuwa imenishinda kuandika. Sasa nimeiandika. Vyeo nitaviacha, maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitasema nilivyoanza, nani alinifundisha, na wapi niliharibu.

Nilifika labo nikiwa na diploma ya sekondari na viatu vya kwenda kanisani. Papa Kashindi, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulika na wadudu wa mitoni, aliviangalia vile viatu kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia diploma. Hakunionyesha meza wala kiti. Alinipeleka kwenye kijito nyuma ya mji, kule juu kabla hakijakutana na nyumba za watu, akaniambia nivue viatu, nikunje suruali na niinue jiwe lolote. Niliinua. Akaniambia niligeuze.

“Unaona nini?”

“Jiwe, Papa.”

“Ngoja waanze kutembea.”

Nikangoja. Kisha uso wa jiwe ukaanza kusogea. Vilikuwa vidudu bapa, vya rangi ileile ya jiwe, vikikimbia upande wenye kivuli, na kila kimoja kilikuwa na mikia mitatu myembamba kama nywele. Palikuwa na vingine vya mikia miwili, vikubwa zaidi, vyenye taya. Palikuwa na vijumba vidogo vya mchanga vilivyobandikwa vizuri, na ndani ya kila kijumba fundi wake. Nilikuwa nimeoga mitoni tangu utotoni na sikuwahi kujua kwamba nakanyaga watu wengi hivyo.

Majina ya Kilatini nilijifunza baadaye, na mengi nimesahau. Papa Kashindi aliwaita kwa sura zao: Mikia Mitatu, Mikia Miwili, Mafundi, na Wekundu, wale wembamba wa kwenye tope. Mantiki ya kazi nzima alinieleza siku hiyo hiyo, miguu yetu ikiwa bado majini. Ukichota maji kwenye bidoni, lile dumu la plastiki, alisema, umechota maji ya leo. Yaliyopita jana yameshafika ziwani. Lakini mdudu amekaa chini ya jiwe miezi. Kama kitu kibaya kilipita, hutamkuta. Mikia Mitatu hawavumilii uchafu wala dawa. Wekundu wanavumilia kila kitu, kama sisi wa Uvira.

Vyombo vyetu vilikuwa vya kujitengenezea. Wavu ulishonwa na mke wa Papa Kashindi kutoka kwenye pazia, ukafungwa kwenye fremu ya chuma cha kujengea. Sahani nyeupe ya plastiki ilikuwa ya kunawia mikono kwenye harusi. Chupa zilikuwa za mayonezi, na hata baada ya kuzichemsha, siku ya joto bado zilinukia mayonezi. Unasimama mgongo ukiwa umeelekea maji yanakotoka, wavu mbele yako, halafu unasugua mawe kwa kisigino ili wadudu wachukuliwe na mkondo waingie wavuni. Ukionekana kwa mbali, unacheza. Wanawake wa Runingu, kijiji cha bondeni, waliokuja kuchota maji walituita wachezaji, na mmoja hakuchoka kumuuliza Papa Kashindi muziki iko wapi. Yeye alimjibu kila mara kwamba muziki iko mbele, inakuja na pikipiki.

Kwenye bariyeri, pale askari wanapofunga barabara, ilikuwa shida zaidi. Askari akiona chupa zenye vidudu anadhani ni uchawi, na akinusa alkoli anadhani ni kinywaji. Siku moja askari alitulazimisha tuchague: kama ni uchawi tunabaki, kama ni pombe tunaigawa. Papa Kashindi akamweleza kazi yetu kuanzia mwanzo, polepole, pamoja na Mafundi na vijumba vyao, mpaka yule askari akaomba tupite.

Hiyo alkoli ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo niiseme vizuri. Mdudu wa mtoni akitolewa majini anaoza haraka kuliko samaki. Lazima atumbukizwe kwenye alkoli kali papo hapo, ukingoni. Alkoli hafifu haimhifadhi, inachelewesha tu. Na haiozeshi wote sawasawa: konokono anabaki na gamba lake, wenye mabawa magumu wanabaki, kijumba cha Fundi kinabaki kitupu. Mikia Mitatu na Mikia Miwili wanageuka uji. Kwa hiyo Papa Kashindi alikuwa na desturi ambayo hakuiacha hata mvua ikinyesha. Kabla ya kumimina, alitia tone kwenye kifuniko cha chupa na kuwasha kiberiti. Ikishika moto, mimina. Isiposhika, alisema, unaweza kuinywa, lakini usiwape wadudu.

Desturi yake ya pili ilikuwa kuanza juu na kushuka. Wenzetu wa miji mingine wanaanza chini wapande, ili wasichafue maji ya kituo kinachofuata. Yeye alisema miguu yake haikusoma vitabu hivyo. Tulipanda mpaka Rurambo, kijiji cha wafugaji mlimani, tukalala, na asubuhi tukaanza na kituo cha juu ya kivuko, halafu kituo cha chini ya kivuko, kisha tukafuata mto mpaka Runingu. Wakati huo sikuona ubaya wowote katika mpangilio huo. Leo najua kwamba ndio uliofanya uongo wangu uonekane kama sayansi.

Kivuko kilikuwa mahali ng’ombe wa Rurambo walipovukia na kunywa. Wengi walikuwa wa Muzee Sebihogo, ambaye tulilala kwake. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alitupa maziwa kabla hatujakaa. Hakuelewa kwa nini watu wazima wanapanda mlima kutafuta wadudu, lakini alituheshimu kama mtu anavyoheshimu wagonjwa. Mwanawe mkubwa, Rukundo, ndiye aliyekuwa akichunga. Alikuwa kijana mwenye ndevu za kwanza, na alimtania Papa Kashindi kwamba akimwoza binti yake, mahari atamletea ya kaa wa mtoni badala ya ng’ombe.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi na ikawa ya kawaida. Halafu ukaja mwaka ambao watoto wa Runingu walianza kuugua tumbo. Kuhara, kutapika, na wengine wakazikwa. Watu wa bondeni wakasema ni dawa ya kupe. Walisema wafugaji wa juu wanaosha ng’ombe kivukoni na dawa inashuka na maji. Shefu wa kijiji alikuja labo yeye mwenyewe, amevaa koti, akaomba tuseme kama ni kweli. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kijiji kuja kutuuliza kitu. Papa Kashindi alifurahi mpaka nikamwonea huruma, maana mguu wake ulikuwa umevimba kwa sukari na daktari alikuwa amemkataza kupanda. Ikabidi niende peke yangu.

Barabara ya mpakani ilikuwa imefungwa na alkoli kutoka Bujumbura haikuwa ikifika. Tuliyokuwa nayo ilijaa nusu ya bidoni ndogo. Papa Kashindi akaniambia waziwazi: ikiisha juu, shuka, urudi siku nyingine kwa vituo vya chini. Mimi nilisema ndiyo. Lakini kule juu kulikuwa kunasikika risasi wiki hizo, na sikutaka kupanda mara mbili. Kwa hiyo nilibeba bidoni ya pili ambayo hakuijua. Ndani yake mlikuwa na rutuku, ile pombe ya kuchemshwa ambayo jirani yangu aliipika na kuisifu kuliko watoto wake.

Kituo cha juu nilijaza chupa zote kwa alkoli nzuri. Ikaisha. Nikashuka kivukoni, nikasugua mawe chini yake, nikamwaga wavu kwenye sahani. Nawaambia nilichokiona kwa macho yangu: sahani ilikuwa inatembea. Mikia Mitatu walikuwa wengi kama kule juu. Nilimwita Muzee Sebihogo aje kuona. Akainama, mikono nyuma, akatazama kwa muda, akasema hawa wamezaa kuliko ng’ombe zake. Tukacheka.

Kisha nikatia tone la rutuku kwenye kifuniko, nikawasha kiberiti. Haikushika. Nikawasha cha pili. Haikushika. Nikajiambia kuna upepo. Nikamimina.

Niliporudi, Papa Kashindi alikuwa ameingizwa hospitali. Chupa zilikaa kwenye rafu wiki nyingi, na sikuzigusa mpaka alkoli mpya ilipofika. Nilipofungua ya kwanza ya chini ya kivuko, harufu ilinifanya nitoke nje. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu, na juu yake mikia ikielea bila wenyewe. Zilikuwa hivyo zote.

Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja. Kuandika kwenye kila chupa “imeoza” na kumwambia Papa Kashindi. Sikukifanya. Nilizichuja moja moja bombani, uji ukashuka na maji, nikabaki na konokono, wenye mabawa magumu, vijumba vitupu na vichwa vya Wekundu. Nikavitia kwenye alkoli safi. Chupa zikapendeza. Nilijiambia ni msimu mmoja tu, ujao tutapanda tena na takwimu zitajirekebisha.

Papa Kashindi alirudi kazini akitembelea fimbo. Akakaa kwenye lupe, ile lenzi ya kukuzia, akaangalia chupa za juu, kisha za chini. Akazirudia za chini moja moja.

“Hii ndiyo yote?”

“Ndiyo yote, Papa.”

“Kwa hiyo ni kweli,” akasema. Aliongea kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Mkutano ulifanyika Runingu, uwanjani kwa shefu. Watu walikuwa wengi, na mama waliofiwa walikaa mbele. Papa Kashindi alieleza vizuri, bila kumshtaki mtu. Alisema juu ya kivuko wadudu wapo, chini ya kivuko hawapo, na kitu kilicho katikati ni kivuko. Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Muzee Sebihogo alikuwa ameshuka na Rukundo. Alisimama bila kuombwa.

“Minye naosha ng’ombe yangu kwa mulima, kwenye kukauka, na pompi ya kupulizia. Dawa iko bei. Nitaimwanga mu maji juu ya nini? Twende sasa hivi. Tuinue jiwe.”

Kuna aliyesema njia si salama. Mwingine alisema anataka kutupeleka kwa watu wake wenye bunduki. Kelele zikapanda. Sebihogo hakuwajibu. Alinigeukia mimi, niliyekuwa nimeshika sanduku la chupa.

“Weye Teknisye, ulikuwa pale. Ulikunywa maziwa yangu. Uliniita nikuje kuona. Waambie uliona nini chini ya jiwe.”

Mama waliokaa mbele wakanigeukia. Papa Kashindi naye akaniangalia. Nilikuwa na nafasi ya maneno matatu, na mpaka leo nayahesabu: niliwaona wakiwa hai. Lakini nikiyasema, Papa Kashindi ataniuliza mbele ya wote wamekwenda wapi.

“Nilichokiona kiko mu chupa, Muzee,” nikasema.

Aliniangalia kidogo, akakaa.

Wakapiga marufuku ng’ombe kivukoni. Ili kufika kwenye maji na malisho ya upande wa pili, ilibidi sasa wazunguke kwa njia ya korongoni, njia ambayo kila mtu alijua imekaliwa na watu wenye bunduki. Nilijua hata mimi. Haikupita mvua moja, Rukundo akakutana nao. Walichukua ng’ombe wote na yeye wakamwacha njiani, maiti. Habari iliteremka na watu wa soko. Tulikuwa tunakula mchana, na Papa Kashindi alisukuma sahani yake pembeni, akasema yule kijana alikuwa anadaiwa mahari ya kaa.

Watoto wa Runingu waliendelea kuugua. Ng’ombe hawakuwepo tena kivukoni, na watoto waliendelea. Sikumsikia mtu akiuliza kwa nini. Watu walikuwa wameshapewa jibu, na sisi ndio tuliolitoa, kwa hiyo hakuna aliyetafuta lingine. Sisi tulitaka kupanda msimu uliofuata, lakini risasi zilikuwa zimeshuka mpaka karibu na bonde, na kituo kile kikafungwa. Takwimu hazikujirekebisha. Chupa zangu ndizo za mwisho kutoka pale.

Nilimwambia Papa Kashindi alipokuwa amelala kwa ugonjwa wa mwisho, mguu umeshakatwa. Nilimweleza yote, tangu bidoni ya jirani. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

“Uliwasha kiberiti?”

“Niliwasha, Papa. Haikushika.”

Angenitukana ningeshukuru. Alisema, “Usiniambie minye. Minye nakufa. Nenda umwambie Sebihogo.” Kisha akageuza uso ukutani, na mkewe, yule aliyeshona wavu, akaniomba nitoke.

Sikuenda. Nilikuwa na sababu kila mwaka, na zote zilikuwa za kweli. Njia mbaya, vita, harusi ya mtoto, ziwa limepanda na kuingia kwenye ua wa labo. Tulibeba mikrosikopu kichwani na vikorokoro vingine kwenye mtumbwi, na zile chupa nilizibeba mwenyewe nikaziweka rafu ya juu kabisa. Nyinyi mlifikiri nazipenda kwa sababu ni za zamani.

Nilipostaafu, kulikuwa na miezi ya utulivu huko juu. Nikapanda na buti zangu za mpira zilizotoboka, na bidoni ya alkoli inayoshika moto. Kivukoni hapakuwa na mtu. Nikasugua mawe chini yake, nikamwaga wavu. Sahani ikatembea. Nikajaza chupa moja, nikashuka nikauliza Sebihogo yuko wapi.

Nilimkuta Bwegera, kwenye mashamba ya mpunga ya bondeni. Hakuwa na ng’ombe tena. Analinda mpunga wa watu dhidi ya ndege, na kamba ndefu yenye makopo iko mkononi mwake. Akiivuta, shamba zima linagonga. Alinitambua kabla sijasalimu. Nikakaa chini, kwenye tope la mtaro, nikamweleza. Alikuwa akivuta kamba kila ndege wanapotua, na mimi nilisubiri makopo yanyamaze ndipo niendelee. Nilipomaliza nikampa chupa. Akaiinua kwenye mwanga.

“Hawa umewauwa lini?”

“Juzi, Muzee.”

“Umewauwa bure. Minye nilijua wako pale.”

Akanirudishia chupa. Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha ni kitu cha mimi na Rukundo, yeye hawezi kuingia katikati. Halafu akasema waliosikia uongo walikuwa Runingu, kwa hiyo nisimpotezee wakati, niende Runingu.

Safari hii nilienda. Jumapili baada ya misa, mbele ya kanisa. Shefu yule alishafariki, na mwanawe aliyekaa mahali pake alinisikiliza kwa adabu na kuuliza kama kuna mradi unakuja. Niliwaambia waliobaki kusimama kwamba maji hayakuwa na dawa, kwamba ng’ombe hawakufanya kitu, kwamba mimi ndiye niliyeozesha ushahidi na kuuosha bombani. Wengi walikuwa vijana na hawakujua naongea habari gani. Wazee wachache waliangalia chini. Mmoja akasema yaliyopita yamepita, twende tukale.

Mama mmoja mzee hakuondoka. Nilimkumbuka. Alikuwa amekaa mbele siku ya mkutano, na kabla ya hapo, miaka ya furaha, ndiye aliyekuwa akiuliza muziki iko wapi. Alisubiri wengine wapite, akanisogelea karibu kabisa, maana masikio yake yamechoka.

“Kama haikuwa ng’ombe,” akasema, “sasa minye mutoto wangu aliuliwa na nini?”

Aliuliza bila hasira. Aliuliza kwa sababu nilikuwa mtu wa labo na nimekuja kueleza. Alikuwa ameishi na jibu langu muda wote huo, nami nilikuwa nimemnyang’anya dakika ileile. Nilikuwa na chupa moja mkononi, na ndani yake mlikuwa na wadudu wazima wanaosema tu kwamba sio dawa. Kisima chao, vyoo vyao, mtaro wao wa mpunga, hakuna hata kimoja tulichowahi kukipima mwaka ule. Tulikuwa tumeshamaliza kazi.

Nilimwambia sijui. Akabaki amesimama, akifikiri labda sijasikia, akauliza tena.